Siku Nilipokagua Radieta Yangu ya Jua kwa Mzee Seif

Aibu niliyoipata Kinindo sijawahi kuisimulia mpaka mwisho, kwa sababu nikifika pale kwenye suruali watu wanacheka mpaka mi mwenyewe nacheka nao, halafu tunaiachia hapo hapo, na ile sehemu isiyochekesha inabaki tumboni mwangu. Basi leo nivumilieni, niitoe yote, ya kuchekesha na isiyochekesha.

Kazi yangu mnaijua. Mi ni Sudi, fundi wa radieta, hapa hapa Buyenzi, Bujumbura, gari likichemka njiani analetewa Sudi. Lakini miaka ile ya vita magari yenyewe yalikuwa yanasimama, nchi za jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, ile tuliyoiita embargo, mafuta hakuna, vipuri hakuna, na umeme ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyependa chakula chenu. Watu wa majumba ya Kinindo, mtaa wa wenye pesa, walitaka kuoga maji ya moto, umeme haupo, makaa ni shida, ndipo nikapata akili (niliiita akili wakati ule). Nikachukua radieta kuukuu ya gari, nikaipaka rangi nyeusi, nikailaza ndani ya sanduku la mbao, chini yake nikatandika sponji ya godoro ili joto lisitoroke, mgongoni bati, juu kioo cha dirisha, nikaunga mpira kutoka kwenye pipa la maji la juu ya paa. Ukiiweka juani, ikifika saa sita maji yanaunguza mkono. Watu wakaipenda, wakaiita radieta ya jua, nikafunga tisa, na kila niliyoifunga nilishuka kwenye ngazi kichwa kimenivimba, najiona nimewashinda wazungu walioleta zao kwa meli.

Siku moja adhuhuri wenzangu wote wa gereji walikuwa wamekwenda msikitini, mi nimebaki nyuma nasema namalizia kulehemu kidogo (ningekwenda kuswali haya yote yasingenipata, mke wangu ameniambia mara mia). Akaingia bwana mmoja mwembamba, amevaa tai, ameshika mfuko wa karatasi. Akajitambulisha kuwa anaitwa Deo, anafanya kazi kwenye kampuni ya bima mjini, kazi yake kukagua nyumba ambazo zinaweza kuungua. Akatoa kwenye ule mfuko kipande cha ubao kimeungua kikawa mkaa. Akaeleza kwamba mtaa wa Mutanga Sud kuna nyumba paa lake limeshika moto mchana kweupe, si bomu, si risasi, ni sanduku fulani la kupasha maji kwa jua. Watu wameuzima kwa mchanga, hakuna aliyeumia, lakini kampuni imeingiwa na hofu na inataka kujua masanduku hayo yako mangapi na hatari yake ikoje.

Ule ubao niliutambua kabla hajaufikisha mezani. Msumari wangu. Tena umepinda, maana siku ile nyundo yangu ilikuwa mbovu.

Akaniuliza, "Fundi, we unazijua hizi? Nani anazitengeneza?"

Sasa hapo ndipo palipokuwa na njia mbili, na mi nikashika ile fupi. Nikamwambia, "Nazijua sana, lakini si kazi yangu. Kulikuwa na mutu mumoja wa Bukavu, ndiye alikuwa anazitengeneza. Alisharudi kwao."

Nilisema haraka, kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Sikumpa jina, sikumpa sura. Nikaona Bukavu ni mbali, huko Kongo, mpaka una askari, nani atakwenda kumuuliza? Bwana Deo akaandika kwenye daftari lake, tena akafurahi, akasema kama nazijua sana basi kesho nifuatane naye nikague nyumba moja moja, mi ndiye nitakuwa mtaalamu. Nami nikakubali, mnanisikia? Nikakubali kwa moyo mmoja, kwa sababu nilijiambia nitapanda mapaa yote, nitarekebisha kimya kimya, hakuna atakayejua lolote.

Kesho yake nikaazima koti na suruali ya shemeji yangu, mtu mwenye tumbo, nikavaa na miwani myeusi ya kulehemu, nisitambulike na wenye nyumba. Mke wangu aliponiona akauliza kama naenda kumzika mtu au kumuiba.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Seif. Huyu ni mfanyabiashara wa vitambaa, babu zake walitoka Oman, mtu wa heshima zake na macho yake yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo nikamshukuru Mungu kwa ule ukungu (astaghfirullah). Tumefika, tunakuta uani kumefungwa turubai, viti, mazulia, wanawake wamependeza, kumbe siku hiyo anaposwa mjukuu wake, na upande wa mume wote wameshafika. Bwana Deo akataka turudi siku nyingine. Mzee Seif akasema wageni watakula baada ya saa moja, tufanye haraka, mambo ya moto hayangoji posa. Nyuma ya nyumba nikaona masufuria makubwa ya pilau, na mpishi wake, Byamungu, mtu mkubwa mkimya, anageuza mchele kwa mwiko mrefu kama kasia.

Nikapanda mi peke yangu. Bwana Deo akabaki chini ya ngazi na daftari, anauliza kwa sauti, na mi namjibu kwa sauti, na wageni wote wanasikiliza kama wako kwenye mkutano. Mbao zikoje? Vioo vikoje? Na badala ya kujibu kwa kifupi nikaanza kujionyesha. Nikasema huyu fundi wa Bukavu hakujua kazi, tazameni alivyopigilia misumari, huyu hata banda la kuku singempa. Watu wakacheka. Nikanogewa, nikaongeza. Jamani, nilikuwa najitukana mwenyewe mbele ya watu na nasikia raha.

Halafu nikasikia harufu.

Nikaweka kiganja kwenye ubao wa pembeni, nikakiondoa mbio. Nikachukua bisibisi nikadunga, ikaingia yote kama unadunga keki, ikatoka nyeusi. Sponji kwa chini ilikuwa imeyeyuka, na kijimoshi chembamba kinatoka kwenye kona, chembamba kama cha udi. Nikagonga lile pipa la maji, likalia tupu. Kumbe Kinindo nzima maji yalikuwa yamekatika siku ya nne, ndani ya radieta hamna hata tone, na jua la Bujumbura linaipiga tangu asubuhi. Haipashi maji tena, inajipasha yenyewe. Na chini ya lile paa la mbao kuna watu, na posa, na watoto wanakimbizana.

Hapo mtu mwenye akili angepiga kelele watu watoke. Mi nikafikiria jina langu. Nikaomba ndoo ya maji kwa sauti ya kawaida, kama fundi anayetaka kunawa, wakanipandishia, nikauchomoa mpira kwenye pipa, nikautia mdomo wake kwenye ndoo, nikainyanyua ndoo juu, maji yakaanza kushuka ndani ya radieta.

Jueni kwamba kazi yangu ya kila siku, chumvi yangu, ni kuwafokea madereva: radieta ikiwa ya moto usiiguse, usimwage maji, itakuua. Miaka kumi na tano nawafokea.

Ikanguruma kwanza, kama tumbo. Halafu kifuniko kikaruka. Sauti yake, wallahi, haikuwa na tofauti hata kidogo na bunduki, na kabla haijaisha kioo nacho kikapasuka chote, mvuke ukapanda mweupe, na mi nikatelezea kwenye mabati kwa makalio mpaka ukingoni, nikaruka hewani, nikasimama. Maana yake, nikaning'inia. Koti la shemeji lilikuwa limenasa kwenye chuma kinachoshikilia mfereji wa maji ya mvua, na mkono wangu mmoja umeukamata mfereji wenyewe, na miguu iko hewani juu kidogo ya vichwa vya watu. Na ile suruali, ambayo kiuno chake kilikuwa cha mtu mwenye tumbo, ikafikiri kidogo, halafu ikashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Ila hakukuwa na wa kunitazama. Watu wa Bujumbura miaka ile walijua kulala chini kuliko kulala kitandani. Uani pote hakuna aliyesimama: wakwe wako chini ya meza, mashangazi wamewalalia watoto, Mzee Seif amejifunika zulia, Bwana Deo yuko kifudifudi na daftari juu ya kichwa kana kwamba litamsaidia. Mi peke yangu niko juu, na chupi yangu.

Barabarani kwenye kona kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Wakaingia wanne wanakimbia, bunduki mbele, na wa kwanza, koplo, akaniona, akaninyooshea mtutu akasema kwa Kirundi, "Amaboko hejuru." Mikono juu. Nikanyoosha mmoja. Akasema yote miwili. Nikamwambia shefu, nikinyoosha na huu wa pili nitakuja juu yako. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akaiona suruali, akaamua kuniacha kama nilivyo.

Kisha akauliza bomu limewekwa na nani. Bwana Deo, mtu mkweli, bado amelala pale chini na uso umejaa vumbi, akasema hajui, ila mtaalamu amesema lile sanduku limetengenezwa na mtu wa Bukavu.

Nikaona vichwa vinageuka. Havikugeuka vyote mara moja. Kimoja, halafu cha pili, halafu vyote, kuelekea nyuma ya nyumba kwenye masufuria. Kwa sababu Byamungu alikuwa mtu wa Bukavu, na Kinindo yote walilijua hilo, na mi peke yangu sikulijua, au labda nililijua na sikulijali, sijui ipi ni mbaya zaidi.

Wakamtoa na mwiko wake mkononi. Wakampiga kibao, wakampigisha magoti kwenye kokoto, wakamvua viatu, na kipindi kile mtu akivuliwa viatu na wanajeshi jamaa zake walikuwa wanaanza kulia, maana waliokwenda bila viatu hawakuwa wanarudi sana. Mzee Seif akanyanyuka kwenye zulia lake anasema huyu ni mpishi wangu, amekaa kwangu miaka, nawaapia. Hawakumsikiliza. Byamungu alikuwa anatazama chini, jasho linamdondoka kwenye pua.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nasema kweli yangu, nililifikiria hilo. Lilikaa kichwani muda wa pumzi mbili tatu. Halafu nikasikia sauti yangu inatoka, nyembamba kama ya kuku:

"Shefu, mumuache. Hakuna mutu wa Bukavu. Mi nilimutunga. Hiyo kitu ni yangu, niliitengeneza mi mwenyewe kwa mikono yangu."

Koplo hakuamini. Akasema namtetea mwenzangu, na sisi sote ni kundi moja. Ikabidi nimwonyeshe bati la mgongoni lililoanguka uani pamoja na vioo, nikamwomba aligeuze. Akaligeuza kwa kiatu. Kila radieta ya jua nilikuwa naigonga maandishi kwa msumari, herufi kubwa, kwa kiburi changu. Akasoma kwa sauti, pole pole, kila mtu anasikia: "FUNDI SUDI, BUYENZI. GARANTI MIAKA KUMI."

Akasoma tena. Akaniuliza ina miaka mingapi sasa.

Nikamjibu, "Miwili, shefu."

Kuna shangazi mmoja chini ya meza akashindwa, akapasuka kicheko, na kile kicheko kikawashika wote, hofu ilikuwa imewajaa wakaona mahali pa kuitolea, wanacheka na machozi yanawatoka, wanajeshi nao wanacheka, na Mzee Seif anauliza kwa nini wanacheka kwa sababu haoni vizuri, mtu akamweleza kuhusu suruali. Bwana Deo peke yake hakucheka. Aliniangalia tu jinsi unavyomwangalia mtu uliyemkaribisha chakula akakuibia kijiko.

Wakamwachia Byamungu. Wakanishusha kwa ngazi. Nilikuwa bado nafunga suruali kwa kamba ya turubai Bwana Deo aliponiuliza swali moja tu: ziko wapi nyingine? Nikahesabu. Tatu Buyenzi, huko maji yalikuwa yanatoka. Nne pale pale Kinindo, hazina maji siku ya nne, na saa ilikuwa saa nane kasoro, jua liko juu ya utosi. Nikasema twende na maji, na watu wote mle uani, kwa pamoja, wakasema apana.

Byamungu alikuwa anavaa viatu vyake. Akasema bila kunitazama, "Sufuria ikikauka haumwagie maji. Unaitoa kwenye moto."

Unaitoa kwenye moto! Moto wenyewe ni jua, na jua huwezi kulizima, lakini unaweza kulifunika. Jamani, ni kitu kidogo hivyo, mtoto angekijua. Mzee Seif, kwa kuogopa wezi wa wakati wa vita, alikuwa amehamishia majora yake yote ya vitambaa nyumbani, chumba kimejaa mpaka dari. Akasema chukueni. Mjomba wa bwana harusi akatoa pikapu yake, tukatupia ndani vitenge, hariri, mapazia, tukapanda mi na Bwana Deo na Byamungu (hakuna aliyemwomba, alipanda mwenyewe), na koplo akampa mwanajeshi mmoja akae mbele ili vizuizi vitufungulie. Tukaondoka kwa kasi, kitambaa kinapepea nyuma.

Nyumba ya kwanza mlinzi alikataa kufungua geti mpaka alipomwona mwanajeshi, nikapanda, nikatupa kitenge juu ya kioo, nikakifunga kwa kamba, nikashuka. Ya pili vivyo hivyo, na mikono imeanza kupata furaha, nawaambia kweli, sijawahi kupanda mapaa kwa kasi ile, na Byamungu ananirushia majora kutoka chini na hayakosei.

Ya tatu tuliuona moshi kutoka barabarani.

Haukuwa mwingi, lakini ulikuwa wa njano, na ubao wa paa umeanza kuonyesha wekundu kwa chini. Kufunika tu kusingetosha. Chumbani chini yake alikuwa amelala mama mzee mgonjwa, hatembei. Byamungu na Bwana Deo wakaingia, wakambeba na godoro lake, mi na yule mwanajeshi tukapanda na mtaimbo, tukaing'oa radieta nzima na sanduku lake, mkono ukaniungua hapa, alama mnaiona, tukaisukuma ikaanguka uani kwenye mchanga, na ilipopasuka ikawaka pale pale mwali wa urefu wa mtu. Tukasimama tunautazama ukiwaka nje, mahali ambapo hauna cha kula. Yule mama, kutoka kwenye godoro lake chini ya mpapai, akaangalia hariri zilizojaa kwenye pikapu, akauliza kwa utulivu nani anaolewa.

Ya nne tulipoifunika, jua lilikuwa limeanza kulegea. Tulipokuwa tunarudi kwa Mzee Seif, Kinindo ilikuwa kichekesho, majumba ya watu wakubwa yamevishwa vitenge vya maua kichwani kama mashangazi wanaokwenda harusini. Na posa ikaendelea. Pilau lilikuwa limeungua kidogo chini, na kila aliyelila alisema mbele yangu kwamba lina garanti ya miaka kumi.

Bwana Deo aliandika ripoti yake, aliniomba nimwelekeze kila kitu, ubao unavyokauka na kugeuka mkaa pole pole kila maji yanapokatika, sponji inavyoyeyuka, nikamwelekeza yote, na kwenye nafasi ya jina la fundi nikaliandika mwenyewe. Zile za Buyenzi nilikwenda kuziteremsha kesho yake, mlango kwa mlango, nawaambia wenyewe mi ndiye niliyekosea. Siku hizi natengeneza kwa bati tupu, chini naweka majivu, na kila moja ina turubai lake, maji yakikatika unalifunika. Garanti siandiki.

Lakini Byamungu. Ijumaa baada ya swala nilikwenda kwake kumwomba msamaha, nimekaa kwenye kigoda chake, namzungusha maneno. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema, "Kazi mbaya mi siwezi kukukasirikia, hata mi naunguza wali. Lakini ule mutu uliyemutunga, ulifikiri atapigwa nani?"

Tangu siku ile nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, sitamsingizia tena mtu, hata mtu wa kubuni. Maana mtu wa kubuni hana mgongo, na kipigo kikishatoka kitamtafuta mwenye mgongo mpaka kimpate.